Chanda Chema Huvikwa Pete: Kujenga Nidhamu ya Watoto wa Shule za Msingi kwa Kutambua Wema Wao

Ndugu mwananchi wa Kata ya Ihembe, tuanze na asubuhi ya kawaida ya siku ya shule. Watoto wanashuka katika vijia vinavyopita kati ya migomba na mibuni, mmoja amebeba ufagio, mwingine kidumu cha maji, mwingine anamkokota mdogo wake wa darasa la awali. Kengele inapogongwa, walio wengi wamekwisha kufagia maeneo yao na kujipanga mstarini. Wachache wanafika wakikimbia, vumbi au tope miguuni.

Je, mwalimu wa zamu atawatazama akina nani? Katika shule nyingi za nchi yetu, watakaotazamwa ni wale wachache. Wataitwa pembeni, watatajwa majina na kuadhibiwa, nao wenzao wote watashuhudia. Wale waliowahi, wakafagia na kusimama kwa utulivu hawaambiwi neno. Wanaingia madarasani wakiwa wamejifunza somo ambalo halimo katika mtaala wowote, nalo ni kwamba hapa shuleni mtu huonekana anapokosea.

Makala haya yanahusu namna ya kuligeuza somo hilo. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hiyo ni ya kale, lakini ndani yake imo njia ya malezi ambayo wataalamu wa elimu wanaisisitiza leo: tabia njema hukua pale inapoonekana, inapotajwa na kuthaminiwa. Njia hiyo haihitaji fedha nyingi wala jengo jipya. Inahitaji ujuzi, uvumilivu, na makubaliano kati ya walimu na sisi wazazi.

Kuimarisha tabia njema maana yake nini

Mtoto, kama binadamu yeyote, hurudia tendo linalomletea matokeo anayoyapenda, na huliacha polepole lile lisilomletea chochote. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliichunguza kanuni hiyo kwa miaka mingi katika karne ya 20, lakini kila bibi aliyewahi kumfundisha mjukuu kusalimia wakubwa anaijua. Mtoto aliamkia, mkubwa akaitikia kwa furaha na kumwita kwa jina lake zuri. Kesho yake mtoto alikimbia kuamkia tena.

Jambo ambalo wengi hatulioni ni kwamba kanuni hiyo hiyo hufanya kazi upande wa pili. Mtoto anayepiga kelele darasani hutajwa jina mara kumi kwa siku. Darasa zima humgeukia, wenzake hucheka, mwalimu husitisha somo kwa ajili yake. Kwa mtoto mwenye njaa ya kuonekana, hata karipio ni chakula. Hivyo tunaweza kuimwagilia maji tabia ile ile tunayotaka ikauke, huku tukiiacha tabia njema ife kwa kiu.

Kuimarisha tabia njema, basi, ni kuyapeleka macho na maneno yetu mahali panapostahili. Mwalimu huwakamata watoto wakiwa katika wema, kisha huutaja wema huo.

Fimbo inafundisha nini

Wazazi wengi husema: "Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu." Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana wanaoisema wanawapenda watoto wao. Mkulima wa kahawa anajua kwamba mbuni uliopona kiangazi kikali haukuzaa kwa sababu ya kiangazi. Ulizaa kwa sababu mizizi yake ilipata unyevu mahali fulani. Nasi tuliokuwa watu tulikuwa na mzazi aliyetuhimiza, au mwalimu mmoja aliyetuamini. Tena tuwakumbuke wenzetu walioacha shule kwa hofu ya fimbo. Hao hawapo katika vikao vyetu kusimulia upande wao.

Fimbo humfundisha mtoto jambo asilotakiwa kulifanya mbele ya mwenye fimbo. Haimfundishi jambo la kufanya badala yake. Mtoto aliyechapwa kwa kutofanya hesabu hakujifunza hesabu. Amejifunza kunakili za mwenzake kabla mwalimu hajaingia. Aliyechapwa kwa kuchelewa huweza kuamua kwamba siku akichelewa ni heri asifike kabisa. Ndivyo uchelewaji unavyozaa utoro.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Mkoa wetu wa Kagera hauwezi kusahau mwezi wa Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika Manispaa ya Bukoba alipofariki dunia baada ya kuchapwa shuleni. Msiba ule uliitikisa nchi nzima na kufika mahakamani. Hata mahali pasipo na msiba, maumivu yameenea. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana nchini walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa mara nyingi.

Ni vema kila mzazi aijue sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, hazimruhusu kila mwalimu kushika fimbo. Adhabu hiyo hutolewa na mwalimu mkuu, au na mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Kosa liwe kubwa, na umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike au mwalimu mkuu. Kila adhabu lazima iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko na aliyevitoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza adhabu yoyote inayopita kiasi kwa kulinganishwa na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili. Kwa hiyo kuchapa darasa zima kwa sababu ya alama ndogo, au kumchapa mtoto kwa kuchelewa dakika chache, si desturi ya shule inayolindwa na sheria.

Waliojaribu karibu nasi

Huenda msomaji akauliza kama shule inaweza kuendeshwa bila kuitegemea fimbo. Jibu halihitaji safari ndefu. Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Uganda, tunayopakana nayo, iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2016. Na kabla ya sheria hiyo, katika Wilaya ya Luwero nchini Uganda, shule 42 za msingi zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu ya shule hizo zilipewa programu iitwayo Good School Toolkit, iliyobuniwa na shirika la Raising Voices la Kampala. Walimu walifundishwa mbinu za nidhamu chanya, wanafunzi wakaunda kamati zao, na wazazi na uongozi wa shule wakashirikishwa. Nusu nyingine ziliendelea kama kawaida.

Baada ya miezi 18 watoto waliulizwa kama walipigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika wiki moja iliyopita. Katika shule zisizo na programu, watoto 49 kati ya kila 100 walijibu ndiyo. Katika shule zenye programu walikuwa 31. Ukatili ulikuwa haujakwisha, lakini ulikuwa umepungua sana, na watoto walisema wanajisikia salama zaidi shuleni. Watafiti hawakuona tofauti katika matokeo ya masomo kati ya makundi hayo mawili. Maana yake ni kwamba shule zilizopunguza fimbo hazikuporomoka kimasomo, kama wengi wanavyohofia.

Hapa nchini pia wapo walimu waliopitia mafunzo ya namna hii. Watafiti wa Tanzania na Ujerumani wamekuwa wakiendesha kozi fupi kwa walimu wa shule za umma, inayowafundisha kuelewa tabia ya mtoto, kumsifu ipasavyo na kumwongoza bila ukatili. Ujuzi huu hujifunzwa kama ujuzi mwingine wowote, na mwalimu asiyeupata hapaswi kulaumiwa kwa kutokuwa nao.

Kanuni tano za pongezi yenye kujenga

Si kila sifa hujenga. Kusema "vizuri, vizuri" kutwa nzima hakuna uzito, na mtoto huligundua hilo upesi. Zipo kanuni tano za kuzingatia.

Kwanza, taja tendo lenyewe. Badala ya "wewe ni mtoto mzuri", mwalimu aseme: "Umemsaidia mwenzako kuokota vitabu vyake bila kuambiwa. Huo ni uungwana." Mtoto hujua hasa alichokifanya, na kesho anaweza kukirudia. Wenzake nao husikia kinachothaminiwa.

Pili, pongeza mapema. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, sifa ya Ijumaa kwa wema wa Jumatatu imekwisha kupoa. Neno moja papo hapo lina nguvu kuliko hotuba ya siku ya mahafali.

Tatu, mpime mtoto kwa jana yake. Zawadi zetu za shule huenda kwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Watoto hao wanazistahili, lakini hao watatu tayari wanajua kwamba wanaweza. Yule aliyezoea kuchelewa mara tano kwa wiki na wiki hii amechelewa mara mbili amepanda mlima mrefu kuliko wao. Asipoambiwa kwamba ameonekana, kuna uwezekano mkubwa wa kushuka tena.

Nne, sifu juhudi kuliko kipaji. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa kuwa na akili walikata tamaa upesi walipopewa maswali magumu, na wakapendelea kazi nyepesi zisizowaaibisha. Waliosifiwa kwa juhudi walivumilia na kutafuta kazi ya kuwafundisha zaidi. "Una akili" humfunga mtoto. "Umejaribu njia tatu mpaka ukapata" humfungulia njia.

Tano, zawadi isigeuke mshahara. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore walikuja kupunguza hamu ya kuchora wakati ahadi haipo tena. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu yao. Kwa hiyo tusimwambie mtoto, "Ukifagia nitakupa peremende." Afagie kwanza, nasi tumshukuru. Daftari au kalamu inafaa mara mojamoja, lakini zawadi ya kila siku iwe neno, makofi ya darasa, au heshima ya kupewa kazi ya kuaminiwa.

Darasa lenye watoto wengi

Tangu mpango wa elimumsingi bila malipo uanze mwaka 2016, watoto wengi zaidi wamepata nafasi ya kusoma, na madarasa yamejaa. Mwalimu anaweza kuuliza kwa haki: nitamwona vipi kila mmoja kati ya hawa wote?

Msaada mmoja ni kulitumia kundi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1969, katika darasa la nne la shule moja ya Kansas nchini Marekani, ulijaribiwa mchezo ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Darasa liligawanywa katika timu mbili. Kila mara mtoto alipovunja utaratibu, kwa kuzungumza ovyo au kuondoka mahali pake, timu yake iliwekewa alama ubaoni. Timu iliyokuwa na alama chache ilishinda. Na zote mbili zikibaki chini ya kiwango kilichowekwa, zote zilishinda. Vurugu zilipungua sana katika darasa hilo.

Mwalimu wa Ihembe anaweza kuubadili mchezo huo uendane na mazingira yake. Kila safu ya madeski iwe timu. Badala ya kuhesabu makosa, ahesabu wema: safu iliyotulia haraka, iliyoshirikiana kutumia kitabu kimoja, iliyoinua mikono badala ya kupayuka, ipate nukta katika kona ya ubao. Safu zote zikifikisha idadi iliyopangwa, zote zishinde. Zawadi inaweza kuwa kutangulia kutoka mapumziko, kuchagua wimbo wa kufungia siku au kugonga kengele. Hakuna hata senti moja inayotumika. La kuangalia ni kwamba mtoto mmoja asifanywe mzigo wa kulaumiwa na safu yake. Akiwa na shida, mwalimu azungumze naye peke yake.

Kwa mtoto mmojammoja, mwalimu anaweza kuchagua majina matano kila asubuhi katika daftari la mahudhurio na kukusudia kuona jema moja kwa kila mmoja siku hiyo. Katika darasa la watoto 80, kila mtoto atakuwa amefikiwa ndani ya siku 16 za masomo. Kwa wengine huenda ikawa mara ya kwanza kuitwa jina bila kuogopa.

Mtoto anapokosea

Kutambua wema si kufumbia macho ubaya. Ukicheka na nyani utavuna mabua, na shule isiyo na utaratibu humwumiza kwanza mtoto mnyonge. Kosa lazima liwe na matokeo yake, lakini matokeo hayo yafanane na kosa na yamfundishe mtoto kurekebisha. Aliyechafua asafishe. Aliyeharibu kitu cha mwenzake asaidie kukitengeneza na aombe radhi. Aliyevuruga somo apoteze sehemu ya mapumziko akimalizia kazi. Sheria za darasa ziwe chache, watoto washiriki kuzitunga, nazo zisemwe kwa namna ya kuelekeza: "Tunatembea ndani ya darasa" badala ya "Msikimbie."

Kabla ya adhabu liwepo swali. Mtoto huyu anachelewa kwa nini? Huenda anateka maji mbali kabla ya kuja. Huenda analea mdogo wake wakati mama yupo shambani. Msimu wa kahawa unapofika, utoro mwingi hauamuliwi na mtoto, bali na sisi tunaompeleka kuchuma na kuanika. Kumwadhibu mtoto kwa uamuzi wa mzazi ni kumfundisha kwamba duniani hakuna haki. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli. Lakini kukunja si kuvunja.

Nyumbani ndipo penye shina

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu akimsifu mchana, naye jioni akapokelewa kwa matusi na kipigo, atajifunza kuwa mtu wawili. Mzazi anaweza kuanza leo kwa mambo madogo. Jioni wakati wa chakula, kabla ya kuuliza "Umepata ngapi?", amuulize mtoto: "Leo umefanya jambo gani jema, na umejifunza nini?" Amshukuru anapolisha mbuzi kwa wakati au anapomfundisha mdogo wake kusoma. Asimwaibishe mbele ya wageni wala kumlinganisha na mtoto wa jirani. Ripoti ya shule inapokuja na alama ndogo, akae naye, watafute somo moja la kuanzia, na waende pamoja kwa mwalimu kuomba ushauri.

Baba pia ahusike. Watoto wengi humjua baba kwa adhabu tu, kwa kuwa mama husema, "Ngoja baba yako arudi." Neno jema la baba likiwa adimu huwa na uzito mkubwa; likiwa la kawaida, hujenga nyumba.

Tuanzie wapi

Zipo njia zilizokwisha kuwekwa, na mwananchi ana haki ya kuzitumia. Katika kikao cha wazazi au cha Umoja wa Wazazi na Walimu, uliza maswali matatu. Je, kitabu cha adhabu kipo na kinajazwa? Je, nani ni mwalimu wa malezi na unasihi, na mtoto anamfikiaje? Je, shule inatambua vipi watoto wanaofanya vizuri katika usafi, mahudhurio, upole na juhudi, mbali na alama za mitihani? Uliza kwa adabu, maana lengo ni kusaidiana na mwalimu wala si kumshtaki. Kamati ya Shule inaweza kulifanya jambo hili kuwa ajenda yake. Walimu nao wanaweza kulijadili katika vipindi vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambako yule aliyefanikiwa kulituliza darasa lake bila fimbo awafundishe wenzake.

Palipo na mtoto aliyeumizwa, iwe shuleni au nyumbani, jambo hilo lisimalizwe kimya kimya. Litolewe taarifa kwa mwalimu mkuu, Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, Afisa Ustawi wa Jamii au polisi. Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana kwa namba 116 bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Turudi mstarini tulikoanzia. Kengele imegongwa, wachache wamechelewa, na watazungumzwa nao baadaye, mmoja mmoja, kwa sababu na suluhisho. Lakini kwanza mwalimu wa zamu amesimama mbele ya watoto wote na kusema: "Darasa la tatu wamefagia mpaka nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna anayepaona. Mimi nimepaona. Tuwapigie makofi." Imechukua nusu dakika. Mtoto aliyeshika ufagio ule ameinua uso, na kesho asubuhi atawahi kabla ya kengele.